Kiingilio Bure, Mlango wa Nani? Kisa cha Sanaa za Mtaani Cedar-Riverside, Minneapolis

Cedar-Riverside ni mtaa mdogo wa jiji la Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Umebanwa kati ya Mto Mississippi na barabara kuu mbili, I-94 na I-35W, kiasi kwamba anayepita kwa gari huona kundi la maghorofa yenye vibao vya rangi na kuliacha nyuma kabla hajajua ameupita mtaa mzima. Maghorofa hayo huitwa Riverside Plaza. Yana nyumba 1,303, na lililo refu kuliko yote lina ghorofa 39. Wapangaji wake wengi ni Wasomali na Waoromo, na katika majengo ya jirani yaliyo chini ya mamlaka ya nyumba za umma wamo pia wazee wa Kikorea na watu wa mataifa mengine. Miongoni mwa Wasomali hao wapo wengi waliopitia Eastleigh, Mombasa au kambi za Dadaab kabla ya kuvuka bahari, kwa hiyo Kiswahili si lugha ngeni kabisa katika maduka ya Cedar Avenue.

Umbali mfupi tu kwa miguu kutoka maghorofa hayo zipo taasisi mbili ambazo mpenda sanaa wa mji wowote angezitamani. Ya kwanza ni Mixed Blood Theatre, nyumba ya maigizo iliyoanzishwa na Jack Reuler mwaka 1976 ndani ya kituo cha zamani cha zimamoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kuwaingiza watu bila kiingilio. Ya pili ni The Cedar Cultural Center, ukumbi wa muziki uliofunguliwa mwaka 1989 katika jengo lililokuwa sinema, ambao kwa miongo mitatu na zaidi umewaleta wanamuziki kutoka pembe zote za dunia. Kwa hesabu ya kawaida ya wafadhili, hapa hapakosekani kitu: wakazi wa kipato cha chini, kumbi za karibu, na bei iliyoondolewa au kupunguzwa. Hata hivyo, mwezi Septemba 2016, katika sherehe ya mtaani iliyokuwa wazi kwa kila mtu na bila malipo, K'naan, mwanamuziki wa Kisomali mwenye sifa duniani, alipanda jukwaani mbele ya Wasomali wenzake, naye akapokewa kwa mabango ya kupingwa. Polisi walipuliza dawa ya kuwasha macho, na watu wawili wakakamatwa.

Uchambuzi huu unashughulika na swali linalozaliwa na hali hiyo: bei ikishaondolewa, ni nini kinachobaki kati ya mkazi na jukwaa? Mwandishi anashikilia kwamba kiingilio ndicho kizuizi chepesi kuliko vyote kukiondoa, kwa sababu kinaondolewa kwa fedha, na fedha zinaweza kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuonana na mkazi hata mara moja. Vilivyo vizito ni saa ya onyesho, mazingira ya ukumbi, na zaidi ya yote mamlaka ya kuamua nini kisimuliwe na nani akisimulie.

Mtaa uliowahi kuwa na ukumbi wake

Sanaa ya watu wa kipato kidogo haikuletwa Cedar-Riverside na mashirika ya hisani. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaa huu ulikuwa wa wahamiaji kutoka Skandinavia, yaani Wadenmaki, Waswidi na Wanorwe, wengi wao vibarua na wajakazi wa majumbani. Mwaka 1886 chama cha Wadenmaki kilijenga Dania Hall, jengo lenye maduka chini na ukumbi wa maonyesho juu. Mwaka 1910 ulifunguliwa Southern Theater, palipochezwa maigizo kwa Kiswidi. Mchekeshaji na mwimbaji maarufu wa zama hizo, Hjalmar Peterson, aliyejiita Olle i Skratthult, alivaa kama mshamba aliyetoka shamba jana na kuwachekesha wahamiaji wenzake kwa lugha yao wenyewe, juu ya mambo ambayo Mmarekani mzaliwa asingeyaelewa hata angefafanuliwa.

Jambo la kuzingatia hapo ni umiliki. Msanii, hadhira na wenye ukumbi walikuwa watu wa jamii moja, na kama onyesho lilichukiza, waliochukizwa walijua mlango wa kubisha kesho yake asubuhi. Wahamiaji hao walipohama na watoto wao kuzungumza Kiingereza, mtaa ukawa wa wanafunzi na wapiga gitaa wa miaka ya 1960. Mwaka 1973 yakafunguliwa maghorofa ya Riverside Plaza, yaliyochorwa na msanifu Ralph Rapson, yakiwa sehemu ya mpango mkubwa wa mji mpya ndani ya mji ambao haukukamilika. Wasomali walianza kufika kwa wingi katika miaka ya 1990, baada ya dola ya Somalia kusambaratika mwaka 1991. Dania Hall iliungua mwaka 2000, ikiwa katika matengenezo. Kwa hiyo jamii mpya ilirithi nyumba, maduka na baridi ya Minnesota, lakini haikurithi ukumbi. Kumbi zilizokuwapo zilikuwa na wenyewe, wenye nia njema kwa kiasi kikubwa, lakini wenyewe hasa.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Ugumu wa Cedar-Riverside ni kwamba mkazi aliyekaa ghorofa ya kumi na nane kwa miaka ishirini bado alikuwa akikaribishwa kama mgeni katika mtaa wake.

Kiti cha bure hulipwa na nani

Mpango wa Mixed Blood uliitwa Radical Hospitality, yaani ukarimu usio na mipaka, na utaratibu wake unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa ni werevu kuliko unavyosikika. Kila onyesho lilikuwa na viti vya bure vilivyotolewa kwa wanaowahi, kuanzia saa mbili kabla ya pazia kufunguliwa. Aliyetaka uhakika wa kiti kabla ya siku yenyewe alilipa ada ya wastani, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa dola 20. Watu wenye ulemavu waliweza kupatiwa usafiri. Hapakuwa na fomu ya kuthibitisha umaskini, wala dirisha la pembeni la kuchukulia tiketi za wasiojiweza. Aliyelipa na asiyelipa waliketi pamoja na hapakuwa na alama ya kuwatofautisha.

Hilo la kutodai uthibitisho si dogo. Mkimbizi amejaza fomu maisha yake yote: fomu ya kambini, fomu ya usaili, fomu ya nyumba, fomu ya matibabu. Tiketi ya punguzo inayomtaka aonyeshe karatasi ya kipato inamrudisha kwenye foleni ileile aliyoikimbia, na wengi huona afadhali kukaa nyumbani. Kwa kuuza uhakika badala ya kuuza kiti, Mixed Blood ilipata njia ya kumtoza mwenye nafasi bila kumdhalilisha asiye nayo.

Lakini kila utaratibu una mtu anayemfaa zaidi. Kiti cha bure kinahitaji mtu afike mapema na akubali kwamba huenda viti vikaisha kabla ya zamu yake. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha jirani anaweza kuubeba uwezekano huo bila shida. Mama mwenye watoto watatu na zamu ya usiku hospitalini hawezi. Huyo mama anahitaji uhakika kuliko mtu mwingine yeyote mtaani, na uhakika ndio uliokuwa na bei. Ada ya dola 20 ni ndogo kwa mtu mmoja, lakini kwa familia ya watu watano ni dola mia moja. Haisemwi hapa kwamba mpango ulikosea. Inasemwa kwamba uliondoa kizuizi cha fedha kwa mwenye wakati, na kwa asiye na wakati ukakiacha mahali pake.

Suala la nani analipa lina upande mwingine ambao wakazi wenyewe huenda hawautambui. Mwaka 2008 wapiga kura wa Minnesota walipitisha marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyoongeza kodi ya mauzo kwa sehemu tatu kati ya nane za asilimia moja, kwa miaka 25 kuanzia mwaka 2009. Mapato hayo hugawanywa kwa viwango vilivyoandikwa humohumo: asilimia 33 kwa maji safi, asilimia 33 kwa mapori na makazi ya wanyama, asilimia 14.25 kwa bustani na njia za umma, na asilimia 19.75 kwa sanaa na urithi wa utamaduni. Fungu hilo la mwisho ndilo linalowezesha ruzuku nyingi za sanaa jimboni, zinazopitia bodi ya sanaa ya jimbo na mabaraza ya kanda. Nguo na vyakula vingi vya nyumbani havitozwi kodi ya mauzo Minnesota. Simu, samani, sabuni na chakula cha mgahawani hutozwa. Maana yake ni kwamba mpangaji wa Riverside Plaza anayenunua kochi amekwisha kuchangia, kwa senti zake chache, jukwaa ambalo bango lake linamwambia aingie bure. Onyesho hilo kwake si sadaka, na mwenye ukumbi anayezungumza kana kwamba ametoa sadaka anapaswa kusahihishwa.

Sherehe ya Septemba 2016

Ili kuelewa kilichotokea siku ile, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2015 ilitangazwa kwamba kituo cha televisheni cha HBO kilikuwa kinaandaa mchezo wa mfululizo kuhusu Wasomali wa Minneapolis, utakaoandikwa na kuongozwa na K'naan, huku mwongozaji filamu Kathryn Bigelow akiwa miongoni mwa wazalishaji wakuu. K'naan alizaliwa Mogadishu, akaondoka akiwa mtoto mwaka 1991, na akakulia Canada. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa wimbo uliotumika katika kampeni ya Kombe la Dunia la mwaka 2010 huko Afrika Kusini. Jina la kwanza la mchezo huo lilikuwa The Recruiters, yaani Waandikishaji, na taarifa za mwanzo ziliuhusisha na uandikishaji wa vijana katika makundi ya kigaidi. Baadaye jina lilibadilishwa kuwa Mogadishu, Minnesota, na K'naan alisisitiza kwamba nia yake ilikuwa kusimulia maisha ya familia. Ila jina la kwanza lilikwisha kusikika.

Lilisikika katika mtaa uliokuwa na jeraha bichi. Minneapolis ilikuwa mojawapo ya miji mitatu ya Marekani iliyochaguliwa kwa majaribio ya mpango wa serikali kuu wa kupambana na itikadi kali, ambao wakazi wengi waliuona kama upelelezi uliovishwa joho la huduma za jamii. Vijana tisa wa Kisomali kutoka eneo hilo walikuwa wameshtakiwa kwa njama ya kutaka kujiunga na kundi la Dola ya Kiislamu. Sita walikiri, watatu wakatiwa hatiani mwezi Juni 2016, na hukumu zao zilitolewa Novemba mwaka huohuo. Sherehe ya mtaani iliangukia katikati ya kutiwa hatiani na kuhukumiwa. Wakati familia zinasubiri kujua watoto wao watafungwa miaka mingapi, mtaa ulikuwa unaombwa kucheza muziki wa mtu aliyehusishwa na mchezo wa televisheni kuhusu jambo hilohilo.

Wasomali hawakuwa na kauli moja. Wapo walioona kwamba ni bora hadithi yao isimuliwe na Msomali kuliko na mtu baki, na kwamba kazi ya filamu ingefungua ajira na mafunzo kwa vijana. Wapo waliosema kwamba Msomali mmoja hawezi kuwa ruhusa ya kusimulia wote, hasa akiwa amekuja na kampuni kubwa nyuma yake. Mabishano hayo ni ya haki, na jamii yoyote yenye uhai huwa nayo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mabishano hayo yangeweza kufunikwa na ngoma ya bure. Waandamanaji, wengi wao vijana, walikuja na mabango na kelele, polisi wakaingilia, na onyesho halikwenda kama lilivyopangwa. Mwaka 2017 HBO iliamua kutoendelea na mchezo huo.

Wachambuzi kadhaa hulitazama tukio hili kama mgogoro kati ya msanii na mashabiki wake, au kati ya vijana na polisi. Mwandishi wa uchambuzi huu analitazama kama mgogoro wa mwaliko. Katika miji ya pwani yetu, harusi ikiwa na ngoma uwanjani hakuna anayelipa mlangoni, lakini haina maana kwamba kila mtu anakwenda. Anakwenda aliyeendewa nyumbani, aliyetumiwa shangazi au somo wa bibi harusi kumwambia kwa kinywa. Asiyeendewa hata akiona taa na kusikia tarumbeta hupita njia ya nyuma, na akilazimishwa kuhudhuria atanuna. Watu wa Cedar-Riverside walitangaziwa. Wapo walioona hawakuendewa. Tangazo kubwa likamwagwa juu ya watu ambao kwa miezi kadhaa walikuwa wakiuliza maswali kuhusu mchezo wa televisheni wasijibiwe wakaridhika, na jukwaa la wazi likawa mahali pa kwanza palipopatikana pa kuulizia kwa sauti.

Hapa ipo hali ambayo waandaaji wa matamasha ya bure huisahau. Mtu aliyenunua tiketi akichukizwa, hudai fedha zake au hatoki nyumbani safari nyingine. Mtu asiyenunua tiketi hana cha kudai wala cha kususia, na hivyo njia iliyobaki kwake ni kupaza sauti palepale. Kadiri kiingilio kinavyoshuka ndivyo haja ya mashauriano ya kabla inavyopanda, na si kinyume chake kama bajeti nyingi zinavyodhani.

Njia ya Midnimo

Miaka miwili kabla ya tukio hilo, mita chache kutoka hapo, The Cedar kwa kushirikiana na Chuo cha Augsburg walianzisha mpango walioupa jina la Kisomali, Midnimo, yaani umoja. Fedha za kuanzia zilitoka katika mpango wa kitaifa wa chama cha waandaaji wa maonyesho, ukifadhiliwa na wakfu wa Doris Duke wa sanaa za Kiislamu. Mwanamuziki wa Kisomali alialikwa kukaa mtaani kwa kipindi, hakuja kwa usiku mmoja. Katika siku hizo alifundisha darasani, akaendesha warsha za bure na vijana, akakutana na wazee, akafanya mazoezi na wanamuziki wenyeji, na mwishoni ndipo likaja onyesho la jukwaani. Mmoja wa walioalikwa mwaka 2014 alikuwa Aar Maanta, mwimbaji aliyekuwa akiishi London, aliyerudi tena miaka iliyofuata. Ushirikiano huo ulizaa hata albamu ya nyimbo za watoto za Kisomali, iliyotoka mwaka 2019.

Thamani ya mpango huu haikuwa katika bei. Ilikuwa katika mfuatano wa mambo. Kufikia usiku wa onyesho, mama wa Riverside Plaza alikuwa tayari amemsikia mwanaye akiimba nyumbani wimbo aliofundishwa na mgeni yule, na mzee wa jirani alikuwa amekwisha kumsahihisha mgeni huyo neno moja la shairi la zamani. Anayekwenda ukumbini kwa sababu hiyo anakwenda kuangalia kitu alichokwisha kukitia mkono. Wimbo wa watoto una faida ya ziada ambayo waandaaji wachache huipigia hesabu, kwamba mtoto huja na mzazi, na mzazi wa Kisomali asiyependa kumbi za muziki hataacha kumsindikiza mwanaye.

Kuhusu wasiopenda kumbi za muziki, lazima isemwe waziwazi kwamba wapo, tena si wachache, na kwamba si wajinga. Kwa sehemu ya Waislamu wa mtaa huo muziki wa ala ni jambo la kutiliwa shaka kidini, ilhali ushairi unaheshimiwa kuliko sanaa zote. Buraanbur, ushairi wa wanawake unaoghaniwa kwa ngoma na makofi katika harusi na shughuli zao, hauna haja ya ruhusa ya mtu. Taasisi inayojiuliza kwa nini wanawake wa makamo hawaji kwenye matamasha yake ya bure ingefaa kwanza ijiulize kama imewahi kutenga mchana mmoja wa wanawake watupu, milango ikiwa imefungwa na baa ikiwa imefunikwa. Kumbi nyingi za muziki za Marekani huendeshwa kwa kutegemea mauzo ya vinywaji, na tamasha lisilo na kiingilio hulitegemea duka la bia zaidi. Hivyo hatua ileile inayomfungulia mlango asiye na dola 20 humfungia asiyetaka kukaa mbele ya bia. Fedha za ruzuku zinazofidia tiketi lakini hazifidii mauzo ya baa zimefanya nusu ya kazi.

Midnimo nayo haikuwa kisiwa cha salama. Kuanzia mwaka 2017 amri za rais wa Marekani ziliiweka Somalia miongoni mwa nchi ambazo raia wake walizuiwa kuingia, na zuio hilo lilidumu hadi Januari 2021. Kwa mpango unaotegemea wasanii wa Kisomali kutoka nje, athari yake ni rahisi kuiona: msanii mwenye pasipoti ya Uingereza hupita, na mwenzake aliyebaki Mogadishu au Hargeisa na pasipoti ya Kisomali hukwama, hata kama ndiye anayependwa zaidi na wazee. Bure ya mtaani inaweza kuamuliwa Washington.

Kalenda

Zipo gharama zisizoandikwa kwenye bango lolote, na katika mji huu ya kwanza ni msimu. Minnesota ina majira mafupi ya joto, na kwa kuwa kuanzia Novemba hadi Machi hakuna anayekaa nje kwa hiari, matamasha ya wazi hurundikana Juni, Julai na Agosti. Kati ya mwaka 2014 na 2017, mwezi mtukufu wa Ramadhani uliangukia wote au sehemu yake kubwa katika Juni na Julai. Mwishoni mwa Juni jua la Minneapolis huzama yapata saa tatu usiku. Tamasha la saa kumi jioni, lenye vibanda vya vyakula, katika mtaa ambao wakazi wake wengi wamefunga tangu kabla ya saa kumi alfajiri, lina kiingilio kikubwa hata kama hakidaiwi mlangoni. Waandaaji waliotazama kalenda ya Hijria mapema walipeleka shughuli zao usiku au wakazisogeza Septemba. Wasioitazama waliandika katika ripoti zao kwamba wakazi hawana mwamko.

Neno hilo, mwamko, ni la kuogopwa katika ripoti za sanaa. Mtaa huohuo unaosemwa hauna mwamko ulimchagua Abdi Warsame kuingia baraza la jiji mwaka 2013. Mwezi Novemba 2016, wiki chache tu baada ya ile sherehe, wapiga kura wa jimbo la uchaguzi linaloujumuisha walimchagua Ilhan Omar, aliyewahi kuishi utotoni katika kambi ya Utange karibu na Mombasa, kuingia bunge la Minnesota. Watu waliopanga foleni za kupigia kura hawashindwi kupanga foleni ya maigizo. Walichokiona kwenye kura ni kwamba uamuzi ulikuwa wao.

Yanayoweza kufanywa kwa fedha zilezile

Kwa kuzingatia hayo, taasisi ya mtaa wa aina hii ingeweza kubadilisha mambo machache bila kuongeza bajeti. Sehemu ya viti vya bure ingetengwa kwa uhakika, igawiwe kupitia chama cha wapangaji na kituo cha jamii cha Brian Coyle kilichopo mtaani humo, ili mama wa zamu ya usiku asishindane na mwanafunzi mwenye jioni nzima. Wakazi wangelipwa, kwa posho kamili na si kwa vyeti vya shukrani, kukaa katika kamati inayochagua maonyesho ya msimu, wakiwa na uwezo wa kukataa. Bila uwezo wa kukataa, kamati ni pambo. Fungu la kupiga chapa mabango lingepunguzwa, na fedha zake zipewe wanawake wanne au watano wanaojulikana katika maghorofa, wapite mlango kwa mlango na mwaliko wa kinywa.

Pingamizi kubwa dhidi ya kamati yenye uwezo wa kukataa ni kwamba itachagua mambo ya kutuliza na kuogopa sanaa inayouma. Pingamizi hili lina uzito. Jamii iliyojeruhiwa hutaka kwanza kuonekana njema, na wazee wa mtaa wanaweza kumnyima nafasi kijana mwenye shairi linalowasuta. Hata hivyo pingamizi hilo hutolewa zaidi na watu ambao uhuru wao wa kuchagua haujawahi kuguswa na mtu. Kijana huyo wa Cedar-Riverside anapingana na wazee wake kila siku na anajua njia zake. Asichokuwa nacho ni mahali ambapo yeye na wazee hao wanaweza kubishana juu ya onyesho kabla halijapangwa, badala ya kukutana mbele ya polisi.

Swali la ukumbi wenyewe limebaki wazi. Jiji limeitambua rasmi Cedar Avenue kuwa miongoni mwa maeneo yake ya utamaduni, hatua inayoelekeza misaada kwa biashara na shughuli za wenyeji, lakini utambulisho haujengi jukwaa. Wadenmaki wa mwaka 1886 walijenga lao kwa michango ya chama. Wasomali wa leo wana maduka, misikiti na vyama, na wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuchangishana kwa mambo makubwa kuliko ukumbi. Iwapo watataka kujenga, saa inahesabu, kwa sababu kodi ile ya sanaa iliyopitishwa mwaka 2008 inakoma mwaka 2034 isipokuwa wapiga kura waiongezee muda, na taasisi zinazoegemea ruzuku zake kulipia viti vya bure zitalazimika kueleza kwa majirani zao, kabla ya kura hiyo, ni kipi hasa ambacho majirani hao wamekuwa wakikipata.